Pointi za mwanafunzi si habari za kila mtu: sheria ipo, lakini buletini zinatembea kwenye simu

Chini kabisa ya buletini ya Kongo, karibu na mahali ambapo prefe anaweka sahihi na muhuri, kuna maneno madogo ya Kifaransa ambayo wazazi wachache wanayasoma. Yanasema ni marufuku kabisa kunakili karatasi hiyo, na kwamba anayefanya hivyo ataadhibiwa kama sheria inavyotaka. Bila shaka walioyaandika walikuwa wanawaza watengenezaji wa buletini za uongo. Hawakuwaza simu yenye kamera iliyo mfukoni mwa kila mzazi.

Leo, kila mwisho wa mwaka wa masomo, karatasi hiyo hiyo inapigwa picha na kutumwa WhatsApp, kwenye grupu ya familia, grupu ya kanisa, grupu ya kartie, halafu Facebook. Baba anafurahi kwa asilimia 78 za binti yake, na furaha hiyo haina ubaya. Lakini picha inabeba zaidi ya pointi. Inabeba majina yote ya mtoto, mahali alipozaliwa, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, jina la shule, mji, darasa, namba yake ya kudumu, pamoja na maoni ya walimu juu ya tabia yake. Mtu asiyemjua mtoto huyo, akiwa na picha hiyo peke yake, anaweza kumsubiri mlangoni mwa shule na kumwita kwa jina.

Suala la nani ana haki ya kuona habari za mwanafunzi halijazungumzwa sana mashariki mwa Kongo. Kuna vita, kuna minervali, kuna walimu wasiolipwa, na mambo mengine yanaonekana kuwa madogo. Hata hivyo sehemu kubwa ya hatari zinazowapata watoto wa hapa inapitia kwenye karatasi za shule, na sheria za nchi zimesema mengi kuliko wanavyofikiri wazazi, na pengine kuliko wanavyofikiri wakuu wa shule wenyewe.

Desturi ya proklamasio inajulikana kuanzia Bunia hadi Kalemie. Kwa miaka mingi siku yake ilikuwa tarehe 2 Julai. Wazazi wanakaa kwenye viti au kwenye majani, prefe au direkteri anashika karatasi, anasoma darasa moja moja: wa kwanza, asilimia 82, wa pili, 79, anaendelea hadi wale wa mwisho, ambao majina yao yanasomwa katikati ya kicheko au, mbaya zaidi, katikati ya kimya. Shule nyingine zinawataja pia walioshindwa na wanaorudilia mwaka. Halafu kuna wale ambao matokeo yao, inasemwa, yamebakia ofisini. Kila mtu kwenye uwanja anaelewa maana yake: wazazi hawajamaliza kulipa. Kwa hiyo mtoto wa miaka 11 anarudi nyumbani akiwa ametangaziwa umaskini wa baba yake mbele ya wenzake.

Wanaotetea desturi hiyo wana sababu, na sababu yao si ya kudharauliwa. Katika nchi ambayo pointi zinaweza kununuliwa, kusoma majina kwa sauti mbele ya watu wote ni aina ya ulinzi. Matokeo yakishatangazwa uwanjani, ni vigumu mtu kuingia ofisini usiku na kumpandisha mtoto wa kiongozi kutoka nafasi ya 20 hadi ya 3. Wanafunzi wenyewe wanajuana. Wanajua nani anajua hesabu na nani hajui. Kwenye vyuo vikuu ni hivyo hivyo: orodha za matokeo zinabandikwa kwenye valve, majina na pointi, kila mtu asome. Mwanafunzi anayeona wa nyuma yake amepita huku yeye amebakia anapata sababu ya kuuliza.

Lakini kuna tofauti kati ya uwanja na simu. Kilichosemwa uwanjani kinasikiwa na watu mia mbili, na baada ya likizo kimesahauliwa. Kilichowekwa kwenye intaneti kinabakia. Kijana aliyepata asilimia 41 akiwa na miaka 14, halafu akajirekebisha, anaweza kuikuta 41 yake inamsubiri siku anapoomba kazi akiwa na miaka 25.

Mtihani wa taifa, ule ambao watu wanauita Exetat, ndio unaoonyesha vizuri jinsi mambo yalivyobadilika. Zamani familia zilikusanyika karibu na redio kusikiliza majina. Baadaye zikaja simu: mwanafunzi anatuma kodi yake kwa ujumbe mfupi, anakatwa yuniti, jibu linarudi, poda nyeupe inamwagwa kichwani na honi za motari zinalia barabara nzima. Kwa upande wa usiri, njia ya kodi ni nzuri kuliko redio, kwa sababu mwenye kodi peke yake ndiye anayeona. Shida ni kwamba kodi yenyewe haifichwi. Imeandikwa kwenye orodha ya shule, wenzake wanaijua, binamu wanaijua, na mara nyingi ni rafiki ndiye anayejua matokeo kabla ya mwenyewe.

Halafu inakuja palmaresi, orodha ya waliopita, shule kwa shule, jina, jinsia na asilimia. Inatembea kama faili la PDF, mtu yeyote analichukua. Orodha hiyo haitaji walioshindwa. Lakini katika shule yenye finalisti 18, ambapo 15 wameandikwa, hakuna anayehitaji kuambiwa wale watatu ni nani.

Sheria inasema nini? Tuanze na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Ibara yake ya 31 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi na siri ya mawasiliano yake, na inasema haki hiyo haiguswi isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Katiba haikuandika "kila mtu mwenye umri wa miaka 18". Mtoto yumo. Kabla ya hapo, nchi ilikuwa imekwisha kujifunga: mwezi wa Septemba 1990, ikiitwa bado Zaire, iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, ambao ibara yake ya 16 inakataza kuingilia ovyo maisha ya binafsi ya mtoto na kushambulia heshima na jina lake. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 nayo inataka kila uamuzi unaomhusu mtoto utangulize faida yake.

Hizo ni kanuni za jumla. Iliyo mpya na inayogusa moja kwa moja ni Code du numérique, iliyotolewa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Humo kuna sehemu nzima juu ya habari za binafsi. Kwa maneno mepesi, inasema hivi: anayekusanya habari za mtu awe na lengo lililo wazi, asizitumie kwa jambo jingine, asizihifadhi kupita muda unaohitajika, azilinde zisiibiwe wala kupotea. Mwenye habari naye ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake, kukiona, kukisahihisha kama kimekosewa, na kupinga kisitumiwe. Zipo pia habari ambazo sheria inaziona kuwa nyeti zaidi, kama vile asili ya kabila, dini, afya, na maisha ya ndoa na mapenzi. Sheria hiyo imepanga kuwe na mamlaka maalumu ya kulinda habari hizo.

Ukisoma orodha ya habari nyeti halafu ukachukua karatasi ya kuandikisha mtoto kwenye shule nyingi za Kivu au Ituri, unakuta zinafanana kwa namna inayotisha. Shule inauliza jimbo la asili, teritware, sekta au shefferi, grupema, kijiji. Inauliza dini. Inauliza kazi ya baba, kama yupo hai. Wakati mwingine inauliza ugonjwa. Maswali hayo yalikuwa kwenye karatasi tangu zamani, na hakuna anayeuliza tena yanamsaidia nani. Ili kumfundisha mtoto sehemu na desimali, mwalimu hahitaji kujua grupema ya babu yake.

Mashariki mwa Kongo, safu hiyo ya "asili" si jambo la karatasi tu. Watu wameuawa hapa kwa sababu ya jina na kijiji. Orodha ya darasa yenye majina, asili na kartie, ikiangukia mikononi mwa kundi lenye silaha, inamwambia mwenye bunduki familia gani ni ya nani na inakaa wapi, tena inamwonyesha wavulana wa miaka 15 na 16 walio kwenye darasa moja. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, familia nyingi zimehama kutoka upande mmoja hadi mwingine, zikibeba buletini kama karatasi ya thamani kuliko zote. Kwenye kizuizi cha barabara, buletini hiyo inaeleza kijana amesomea wapi na lini. Kuna hali ambapo hilo ni hatari sawa na kutokuwa na karatasi yoyote.

Mashirika ya misaada nayo yamo ndani ya jambo hili, ijapokuwa kwa nia njema. Yanafika kwenye shule iliyopokea watoto waliohama, yanaomba orodha: jina, umri, walikotoka, nani ni yatima, nani anaishi na familia ya kumpokea. Yanagawa mikoba na madaftari, halafu watoto wanapangwa mbele ya banderole, picha inapigwa, na jioni ipo kwenye mtandao. Ni mara chache mzazi anaulizwa kama anakubali. Na mzazi aliyepewa mkoba wa bure hathubutu kukataa. Kukubali kwa namna hiyo hakufai kuitwa kukubali.

Kwa wasichana, siri ya shule ina uzito wa peke yake. Msichana anapoacha masomo katikati ya mwaka, iwe kwa mimba au kwa sababu alitendewa jeuri ya kingono, sababu inaandikwa mahali fulani: kwenye daftari la mahudhurio, kwenye barua kwa komite ya wazazi, au kwenye ujumbe wa direkteri kwa inspekta. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inamtaka mwendesha mashtaka na hakimu wanaoshika kesi za namna hiyo kulinda usalama, heshima na maisha ya binafsi ya aliyeumizwa. Mahakama ikifunga mlango kwa ajili yake huku daftari la darasa likiwa limeachwa wazi juu ya meza, ulinzi huo unakuwa nusu.

Tena kuna mahali ambapo hakuna anayepatazama: sekretaria ya barabarani. Shule nyingi hazina kompyuta, au zina moja isiyo na umeme. Wakati wa mitihani, mwalimu anabeba rasimu ya matokeo kwenye bahasha, anaipeleka kwa kijana mwenye kompyuta na printa kando ya soko. Kijana anachapa majina yote, pointi zote, tarehe zote za kuzaliwa. Anatoa karatasi, anapokea feza yake, mwalimu anaenda. Faili linabakia. Linabakia kwenye kompyuta ambayo jioni inatumiwa na watu kumi wengine, na kwenye flash disk inayozunguka kutoka mashine hadi mashine pamoja na virusi vyake. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hakuna aliyeiba. Lakini darasa zima liko pale, kando ya anayeuza yuniti. Kufuta faili hilo mbele ya mwalimu kabla hajaondoka kunachukua sekunde tano na hakuhitaji msaada wa mfadhili.

Nchi nyingine zimepitia njia hii kabla yetu, na si zote zimefika salama. Wamarekani wana sheria ya mwaka 1974 inayojulikana kwa herufi FERPA. Familia nyingi kutoka Kivu zilizopelekwa kuishi kule kama wakimbizi zinakutana nayo bila kuijua, ndani ya bahasha ya karatasi ambazo shule inawapa mwanzoni mwa mwaka. Sheria hiyo inampa mzazi haki ya kuona rekodi za mtoto wake, na shule haiwezi kumzungusha zaidi ya siku 45. Inakataza shule kutoa rekodi hizo kwa mtu mwingine bila ruhusa ya maandishi, ijapokuwa ina milango kadhaa ya kutokea. Mtoto akifikisha miaka 18, au akiingia chuo, haki inahama kutoka kwa mzazi kwenda kwake. Wazazi wa Kikongo wanashangaa sana kwa hilo: unamlipia mtoto chuo, halafu chuo kinakataa kukuambia kama amepita. Shule inaweza kutangaza habari chache, kama jina au tuzo, lakini mzazi anaweza kuandika kwamba hataki, na shule inapaswa kumsikia.

Hata kule, kusoma pointi kwa sauti kulifika mahakamani. Mama mmoja wa Owasso, katika jimbo la Oklahoma, alishitaki shule kwa sababu walimu waliwaacha wanafunzi wasahihishiane kazi, halafu pointi zikatajwa mbele ya darasa. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwezi wa Februari 2002 majaji wote tisa walikubaliana kwamba shule haikuvunja sheria hiyo. Sababu yao ilikuwa kwamba karatasi iliyo mikononi mwa mwanafunzi mwenzako bado haijawa rekodi inayotunzwa na shule. Miezi minne baadaye, katika kesi ya chuo kikuu cha Gonzaga, mahakama hiyo hiyo ilisema mwanafunzi hawezi kushitaki kwa kutumia FERPA peke yake. Adhabu yenyewe ni serikali kuinyima shule feza. Kwa hiyo sheria inayosifiwa sana duniani haimpi mwanafunzi aliyeumizwa mlango wa mahakama.

Karibu na kwetu kuna mfano wenye meno zaidi. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na mwezi wa Septemba 2023 kamishna anayeisimamia aliitoza shule ya Roma, ya Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi wadogo bila ruhusa ya wazazi. Tanzania, kwa upande wake, mwezi wa Januari 2023 baraza la mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora katika matokeo ya kidato cha nne, baada ya miaka mingi ya kufanya hivyo. Hapo hakuna aliyepigwa faini. Ofisi ilitazama desturi yake na kuona haina faida.

Kongo inaweza kuanzia wapi bila kusubiri Kinshasa? Proklamasio haina lazima ya kufa. Shule inaweza kuwataja watano wa kwanza wa kila darasa, wazazi wakapiga makofi, halafu buletini za wengine zikatolewa mkononi, moja moja, kwa mzazi. Kwenye valve, namba ya mwanafunzi inaweza kubandikwa mahali pa jina. Atakayetaka kulinganisha na wenzake atafanya hivyo kwa hiari yao. Karatasi ya kuandikisha inaweza kupunguzwa mistari minne. Daftari za zamani, zile zinazolala juu ya kabati na siku moja zinaonekana sokoni zikifungia karanga, zinaweza kuwekwa kwenye sanduku lenye kufuli.

Ugumu wa kweli uko kwa deni. Shule inayozuia buletini inasema haina silaha nyingine. Elimu ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari inalipwa, shule za binafsi zinalipwa, na mwalimu anayekula kutokana na feza ya wazazi hawezi kuambiwa asubiri milele. Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo ofisi nyingi zinayachanganya. Kumpa mzazi karatasi ni jambo moja; kumwonyesha kilichoandikwa juu ya mtoto wake ni jambo jingine. Haki ya kuona habari zako, ambayo Code du numérique inaitaja, haikuwekewa sharti la minervali. Prefe anaweza kubakia na karatasi na bado akamwacha mzazi asome pointi, ajue mtoto amepita au hakupita, ajue ni somo gani la kurudilia wakati wa likizo. Na kusoma jina la mwenye deni mbele ya watu hakujawahi kuingiza feza kwenye sanduku la shule kuliko barua iliyotumwa nyumbani.

Haki hiyo ya kuona ndiyo pia jibu kwa wanaoogopa kwamba usiri utaficha wizi wa pointi. Kwenye vyuo, ambapo wanafunzi wa kike wanazungumzia waziwazi pointi zinazotolewa kwa kitanda, orodha iliyobandikwa ukutani haijazuia lolote. Inaonyesha namba ya mwisho tu. Mwanafunzi akiweza kudai karatasi yake ya mtihani iliyosahihishwa, aone kila swali lilipata ngapi na nani aliandika, hapo mwalimu mwenye nia mbaya anapata shida. Wengine hawahitaji kuiona.

Imebakia haki ambayo watu wanaijua kwa maumivu: kusahihisha. Herufi moja iliyokosewa kwenye jina, mwaka wa kuzaliwa uliogeuzwa, na makosa hayo yanahama kutoka buletini hadi orodha ya watahiniwa, kutoka orodha hadi diploma. Siku diploma inapotoka, jina lake halilingani na kadi ya mpiga kura wala na cheti cha kuzaliwa, na safari za ofisi zinaanza. Mzazi ambaye mtoto wake anaingia mwaka wa 6 wa sekondari anaweza kwenda shuleni kabla majina hayajatumwa, akiwa na cheti cha kuzaliwa, na kuomba kuona kwa macho yake jina la mtoto lilivyoandikwa. Akikuta kosa, aandike barua nakala mbili na kuomba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala anayobakia nayo.